Muhogo Uliopitia Nigeria Ndio Ufike Busia

Haya ni maneno niliyoongea kwenye siku ya wakulima hapa Busia, upande wa Uganda. Waliokuwa nyuma karibu na lori la muziki hawakusikia vizuri na wengine wameniomba niyaandike, basi nimeyaandika vile nilivyosema, na pale nilipotoka nje ya mada nimeacha hivyo hivyo.

Wazee wangu, akina mama, vijana wa shule, maafisa mliotoka wilayani, na ninyi jamaa zetu mliovuka asubuhi kutoka ng'ambo ya Kenya, hamjambo. Nimepewa dakika ishirini na MC ameshaniangalia vibaya mara moja hata sijaanza. Nitaongea Kiswahili kwa sababu nikiongea Kisamia watu wa Teso watanung'unika, nikiongea Kiteso wenzao watanuna, na Kizungu tuwaachie wale wa wokshopu za hoteli. Na isitoshe tangu Julai 2022 baraza la mawaziri Kampala limeshapitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, kwa hiyo mkiona nakosea ngeli hapa na pale jueni ni kosa rasmi.

Mada iliyoandikwa kwenye programu yenu ni ushirikiano wa kikanda katika utafiti wa kilimo na utunzaji wa maliasili. Nikiisoma hivyo nusu yenu mtasinzia kabla ya saa sita, kwa hiyo nimekuja na muhogo na kisu.

Tazameni huu. Nimeung'oa jana shambani kwangu mwenyewe, si kwa jirani. Majani yake juu yalikuwa mazuri tu, ukipita barabarani ungesema huyu mzee safari hii amepata. Ganda nalo liko sawa, labda hapa kidogo limejikunja. Sasa nakata. Mmeona? Wa mbele mpitishe nyuma, msiule tu. Ndani kuna mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo cha chupa, na hapa katikati umeanza kuoza. Ukijaribu kukata kata pale pabaya ili upike palipobaki unajikuta na kipande cha kutosha mtoto mmoja, na ukiukausha usage unga hakuna atakayeununua. Umelima mwaka mzima, umepalilia mara tatu, na shida yenyewe unaijua siku ya kung'oa, kwa sababu juu mti haukukuambia kitu, au ulikuambia ila hukujua pa kuangalia.

Watanzania wanaita ugonjwa huu michirizi ya kahawia. Nawasifu kwa hilo, wana jina lake kwa lugha ya mkulima, sisi huku tunasema "ule wa kuoza" halafu mtu anauliza kuoza upi. Na wana jina kwa sababu wamekaa nao muda mrefu. Mwaka 1936 mtaalamu mmoja anaitwa Storey, alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, huko milima ya Usambara juu ya Tanga, aliueleza ugonjwa huu kwa maandishi, akasema si ule wa batobato unaokunja majani, ni mwingine. 1936 jamani, Uganda ilikuwa bado inatawaliwa na Waingereza. Halafu kwetu umekuja kuonekana ukianza kusambaa mwaka 2004, pale Namulonge penye kituo cha utafiti na maeneo ya karibu na Kampala. Toa hesabu, ni miaka 68. Muda wote huo mzee wa pwani kule anajua kwamba ukitaka kupanda lazima kwanza ung'oe shina la mbegu uukate muhogo wake uangalie ndani, na anajua yale madoa ya njano yanayofuata mishipa ya majani ya chini, yale ya zamani ambayo sisi hatuyaangalii kwa sababu tunaona ni uzee wa majani. Mimi nimefanya kazi ya ugani miaka mingi na hakuna aliyewahi kuniambia niangalie majani ya chini. Vitabu vyetu vilisema ugonjwa huo ni wa pwani, haupandi zaidi ya mita 1000 juu ya bahari, na sehemu kubwa ya Uganda iko juu ya hapo, basi tukalala usingizi.

Sasa niwaambie kitu ambacho nikisema nyumbani mke wangu ananikanyaga mguu. Mwaka 2007 nilienda matanga upande wa Mukono, kule kule karibu na Kampala, shemeji yangu akanipa miti ya muhogo, mizuri, minene, nikafunga bando mbili nikapakia juu ya matatu mpaka hapa. Nikapanda. Nikagawia majirani watatu, kwa sababu mimi ndiye bwana shamba na mtu hawezi kuwa na mbegu nzuri peke yake. Mwaka uliofuata tuling'oa kitu kama hiki mlichokishika. Kwa hiyo sisemi kuhusu ugonjwa wa watu wengine hapa, kwa kijiji chetu aliyeuleta ana koti la kijivu na yuko mbele yenu na maikrofoni. Inzi weupe nao wanausambaza, ni kweli, wale wadogo wanaoruka kama unga ukitingisha mti, ila inzi anaruka shamba hadi shamba. Kutoka Mukono mpaka hapa si inzi, ni mimi.

Batobato kali, ile ya kwanza, wazee mnaikumbuka. Ilianza kuonekana vibaya 1988 huko kaskazini mwa Luwero, ikawa inatembea kilomita 20 au 30 kila mwaka kama mtu anayepima barabara. Watu wa Teso walikuwa na muhogo wao wanauita Ebwanateraka, mtamu, walikuwa wanautegemea kwa unga wa atap, yaani ugali wao, na ule ulifagiliwa. Teso wakati ule ilikuwa imeshapoteza ng'ombe kwa wizi na vita, muhogo ndio ulikuwa umebaki, nao ukaenda. Watu walilala njaa. Katikati ya miaka ya 1990 ikavuka hapa hapa tunapokaa ikaingia magharibi ya Kenya, na kabla ya 2000 ilikuwa imeshafika Kagera.

Dawa ya batobato ilikuwa mbegu inayostahimili, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa sababu hii hadithi nikiifikiria usiku huwa nakaa kitandani. Mnaujua Migyera, si ndiyo? Ule uliotuokoa miaka ya 1990, ulitolewa Namulonge pamoja na mbegu za kwanza za Nase. Huko kwa wataalamu jina lake ni TMS 30572 na ulitoka Nigeria, kwenye kituo cha kimataifa cha Ibadan. Sasa Nigeria waliupata wapi? Ukoo wake ukiufuatilia unafika Amani. Tanga! Storey yule yule na mwenzake Nichols, kuanzia miaka ya 1930 walikuwa wanachanganya muhogo wa kawaida na mti wa mpira wa Ceara, ule wa porini, ili wapate muhogo mgumu kwa magonjwa, wakaupata, na baadaye baadhi ya uzao wake ukapelekwa Nigeria, wakauendeleza, wakauzalisha na mingine, ndio sisi tukaenda kuuchukua huko wakati watu wetu wanakufa njaa.

Kutoka Tanga mpaka Busia ni safari ya basi. Utachoka, mgongo utauma, ila ni safari ya basi. Huu muhogo ulitoka Tanga ukavuka bara zima mpaka upande wa bahari nyingine, ukakaa huko miaka, ndio ukarudi Namulonge, na kutoka Namulonge ukapelekwa magharibi ya Kenya na Kagera, yaani Watanzania wakapokea kutoka Uganda mjukuu wa muhogo wao wenyewe. Wanaijeria tunawashukuru sana, walimlea vizuri. Lakini mtu akiniuliza ushirikiano wa kikanda ni nini nitamwambia ni kufupisha hiyo njia, basi. Hayo mengine ya kupiga picha mkiwa mmeshikana mikono sijui.

Na si kwamba hatujawahi kujua kushirikiana. Wazee wa hapa waliokuwa na ng'ombe mnakumbuka sotoka. Chanjo iliyoimaliza ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright, wakati Muguga ikiwa kituo cha Afrika Mashariki nzima, si cha Kenya peke yake. Jinja hapo kulikuwa na utafiti wa samaki wa nchi zote tatu tangu 1947. Sotoka ilitangazwa kuisha duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kumalizwa kabisa na binadamu, na iliisha kwa sababu watu walikubaliana kuchanja pande zote za mpaka. Mkaramoja hawezi kuchanja ng'ombe wake halafu yule wa Turkana anayekunywa maji naye bwawa moja pale Kobebe hajachanja, hapo umemwaga pesa chini. Halafu 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, kila nchi ikabaki na kilichokuwa kwenye ardhi yake, huyu maabara, yule maktaba, mwingine mitumbwi. Nilikuwa kijana, nakumbuka tu wazazi walikuwa wanaongelea reli na ndege, hakuna aliyelia kwa ajili ya maabara.

Baadaye mambo yakaanza kurudi. ASARECA ilianzishwa 1994, ofisi iko Entebbe, kazi yake ni kuunganisha vituo vya utafiti wa kilimo vya nchi hizi. Kukaja pia ule mradi wa mkopo wa Benki ya Dunia ambapo nchi ziligawana kazi, Uganda ikapewa muhogo, Kenya maziwa, Tanzania mpunga, Ethiopia ngano, kila mmoja awe fundi wa kitu kimoja halafu awafundishe wengine. Mimi nilipenda sana hilo wazo, kwa sababu hakuna haja ya nchi nne zote kujenga maabara nne za mpunga zenye friji mbovu. Mradi uliisha 2015. Na hapo ndipo tatizo letu, kila kitu kizuri kina tarehe ya kuisha iliyoandikwa na mfadhili, na tukiambiwa nchi zichangie zenyewe kila waziri anaangalia dari. Michirizi ya kahawia haina mwaka wa fedha.

Nisogee kwa maji kidogo, kwa sababu programu imesema maliasili na kuna wavuvi hapa wameshaanza kuongea wao kwa wao.

Ziwa Victoria Tanzania ina 51 kwa mia, sisi 43, Kenya 6. Samaki mmoja huyo huyo hapa anaitwa mukene, kwa Mkenya omena, kwa Mtanzania dagaa, na ukiwasikiliza kila mmoja ana uhakika wa kwake ndio mtamu. Magugu maji yalipoonekana kwenye ziwa upande wetu 1989 watu walidhani ni maua, kuna waliobeba wakapanda nyumbani. Miaka michache baadaye Port Bell meli zinashindwa kutoka, mitambo ya umeme pale Jinja inazibwa, mvuvi anaamka anakuta ghuba yake ni uwanja wa mpira wa kijani. Serikali zikaanza kubishana juu ya mashine na sumu. Mwishoni kilichosaidia sana ni kidudu, aina ya fukusi asili yake Amerika ya Kusini yalikotoka magugu yenyewe, hali kitu kingine, anakula hilo gugu tu. Uganda tulimchukua kutoka Benin 1993, akaanza kuachiliwa ziwa Kyoga, mwisho wa 1995 Victoria, na Kenya na Tanzania nao wakafuga wa kwao. Wavuvi walifundishwa kuwafuga kwenye mabeseni ufukweni, unaweka gugu, unaweka wadudu, wakizaana unawapeleka majini. Mzee mmoja wa huko chini ziwani aliniambia alikuwa anawaangalia kila asubuhi kama kuku wa mayai. Kufika 1999 magugu yalikuwa yamepungua sana, mvua kubwa na mawimbi ya El Niño nayo yalisaidia, tusiwape fukusi sifa zote. Lakini mbegu za gugu zinaendelea kuingia na mto Kagera kutoka juu huko, Rwanda, na wakati ule Rwanda haikuwa kwenye Jumuiya. Kwa hiyo watu watatu wanadeki chumba na bomba liko wazi kwa jirani wa nne. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, afadhali.

Na hapa kwetu tuna mto Sio. Wote mnajua, unashuka kutoka Kenya, unakuwa mpaka, unaingia ziwani, na lile bwawa la mafunjo la Sio-Siteko liko nusu huku nusu kule. Kuna mpango wa pamoja wa kulitunza uliofanywa chini ya watu wa Bonde la Nile, wenye ofisi Entebbe pia (Entebbe ina ofisi nyingi kuliko nzi). Mpango si mbaya, nimeusoma. Lakini niliwahi kumuuliza mama mmoja anayesuka mikeka, ukikatazwa kukata mafunjo upande huu unafanyaje, akanishangaa kama vile nimemuuliza akisikia kiu anafanyaje. Anavuka. Maji yanamfika magotini. Kule naye jirani yake akifukuzwa na chifu anavuka kuja huku. Kila upande afisa anaandika kwenye ripoti kwamba amefaulu kuzuia ukataji. Mwenyekiti wetu wa LC, yaani wa baraza la kijiji, na chifu wao wakikaa chini ya mti mmoja wakapanga miezi ya kukata na miezi ya kuacha, iwe ile ile pande zote, hiyo inashinda mabango ishirini. Nauli ya kikao hicho ni boda mbili. Na boda, nawakumbusha vijana, jina lenyewe lilizaliwa hapa Busia, baiskeli zilizokuwa zinabeba watu kutoka kituo cha mpaka kimoja mpaka kingine, boda mpaka boda. Sisi ndio tuliofundisha Afrika Mashariki kuvuka.

Kitu kingine haraka. Kuna ugonjwa wa ngano umetisha dunia nzima, kutu ya shina, na una jina letu. Unaitwa Ug99. Ug ni Uganda. Ulionekana 1998 kwenye kituo cha Kalengyere huko Kigezi, ukapewa jina mwaka uliofuata, ukaenda Kenya, Ethiopia, ukavuka Yemen mpaka Iran. Sisi ngano hatulimi ya maana, rolex tunazokula kila jioni, yale mayai ya kukunja na chapati, chapati yake ni ya ngano ya meli, lakini kwa sababu mtu wetu aliangalia shamba vizuri na akatuma sampuli kwa wenzake, dunia ilipata muda wa kujipanga, na mpaka leo mbegu za ngano kutoka nchi nyingi zinaletwa Njoro, Kenya, kujaribiwa kama zitaustahimili. Watu wanaona aibu na hilo jina, mimi naliona ni cheti. Aliyekaa kimya hana ugonjwa wenye jina lake.

Sasa maafisa, naona mmeshika kalamu, nawaomba kitu kimoja tu, nikiomba vitano mtaandika vitano na kufanya sifuri.

Mama anayevusha nyanya au mitumba pale mpakani, mzigo wake ukiwa chini ya dola 2000, ana karatasi rahisi, anajaza, anagongewa muhuri, anaendelea na safari. Tuna kituo kizuri cha pamoja tangu 2018, maofisa wa nchi mbili wako kwenye jengo moja. Lakini mkulima mwenye bando tano za miti ya muhogo anaambiwa atafute kibali cha kuingiza, cheti cha afya ya mimea, akaguliwe, asubiri, na huyo si mjinga, anapita mtaa wa Sofia hapa mpakani usiku kwa njia ya panya. Na ninyi mnajua anapita. Mimi sisemi tufute ukaguzi, mimi ndiye wa mwisho kusema hivyo, niliwaambia kuhusu Mukono. Nasema siku za soko wekeni pale mtu mmoja anayejua kuangalia majani ya chini na mwenye kisu, aangalie mzigo mdogo, apige muhuri hapo hapo au auchome hapo hapo. Kwa sasa mbegu safi iko foleni inasubiri sahihi na mbegu mbovu imeshalala Bungoma. Wakati wa batobato hili liliwahi kufanyika kwa namna yake, mbegu kutoka Uganda zilipandwa kwanza kwenye mashamba ya karantini upande wa Kenya, zikaangaliwa, ndio zikagawiwa. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Naona MC amesimama. Namalizia na hili.

Kwenye lile pikapu jeupe kuna bando za mbegu ya muhogo ya NAROCASS 1, ile iliyotolewa 2015, inastahimili michirizi vizuri kuliko tulizonazo. Sikusema haiugui kabisa, nimesema inastahimili, ukiipanda katikati ya shamba linalooza itapata shida. Kila nyumba bando moja, mtaandika jina kwa yule binti mwenye daftari, na mwakani nikija nataka kuona mmekata muhogo kabla ya kukata mbegu. Hizo ni za watu wa upande huu tu. Ninyi wa ng'ambo nisameheni, nimewaalika, mmekaa kwenye jua na sisi, mmecheka vichekesho vyangu vibaya, lakini karatasi ya kuvushia sina na siwezi kusimama hapa niseme niliyoyasema halafu niwape kwa mlango wa nyuma. Andikeni majina, tutaomba kibali, tutajaribu.

(Hapo mama mmoja wa viti vya mbele, wa upande wa Kenya, shangazi yake ameolewa kijijini kwetu, akasema kwa sauti bila maikrofoni: "Mzee usijali, hizo tutakuwa nazo Jumanne." Watu walicheka sana, na mimi nilicheka, halafu nikamwomba basi angalau aje kwanza nimwonyeshe majani ya chini. Alikuja. Alikuwa na kisu chake.)